Kifungu Gani

Walikuja Jumatatu, saa nne kasorobo,
wawili, kwa Prado nyeupe,
wakaegesha juu ya mpira wa kumwagilia mlimau.
Mundhir alikuwa sakafuni na hesabu zake:
robo tatu ya mkate wa mofa, toa thumuni.
Nikamwambia, endelea.
Nikalivaa baibui langu la mlangoni.

Joto la Juni hapa Mabela halipigi hodi.
Wao walipiga, nikawakaribisha majilisi,
maana sheria ya kwanza ya nyumba hii ni ya mama,
aliyetoka nayo Wete pamoja na sufuria zake:
mgeni haulizwi neno akiwa na kiu.
Kahawa, tende, sambusa zilizolala.

Mkubwa wao, Ustadhi Yaarub, ndiye aliyesema.
Mwenzake, Thuraya, alikumbatia faili
kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiye wake.

"Mwanao hajaonekana darasani miezi saba.
Sheria inataka arudi."
"Kifungu gani?"
"Sheria," akarudia,
kama anayeongeza sauti ya redio
badala ya kutafuta stesheni.

Mimi si wakili.
Miaka tisa nilipiga chapa katika ofisi ya wakili, Ruwi,
kucha zikivunjika juu ya mikataba ya watu.
Lakini nayajua maneno yanavyovaa:
"inapendekezwa" huja na kanzu na manukato,
"inalazimu" huja na mkanda na pingu.
Barua aliyoitandaza ilinukia udi mtupu.
Nembo juu. Chini, pa saini, peupe.

Nikamwonyesha kwa kidole mstari wa tatu.
Akausoma. Akausoma tena.
Kisha akaomba kumwona mtoto.

Hilo halikuwamo kwenye barua.
Ningeweza kukataa, na kinywa changu kilikwisha funguka,
lakini nikamwendea Mundhir kwanza, nikamuuliza,
maana ulimi utakaopimwa ni wake.
Akaja na unga mkononi.

"Unasoma nini, babu?"
"Se… se… se…"

Kule shule walikuwa wakimhesabia sekunde,
wavulana wa nyuma, kwa sauti.
Siku mwalimu naye alipocheka
ndiyo siku nilipochukua mkoba wake msumarini.
Sasa nilibana sambusa hadi ikapasuka.
Kiyoyozi kilidondosha tone ndooni. Jingine.
Hakuna aliyehesabu.

"Sehemu," akamaliza.
"Na wewe, u… umeleta karatasi ye… yenye saini?"

Wallahi sikumfunza.

Ustadhi Yaarub akakitikisa kikombe:
imetosha.
"Tutarudi."
"Karibuni. Mje na kifungu."
Hakuwa mtu mbaya. Alisema ahsante kwa tende,
akaiokota kokwa iliyomponyoka zuliani.

Thuraya alichelewa mlangoni, kwenye gesi ya kiatu.
Saa nzima alikuwa hajafungua mdomo.
"Dada," akanong'ona, na kilikuwa Kiswahili,
kile chetu, cha kuvutavuta, cha Unguja mjini,
"chochote wakikusainisha, dai nakala yako.
Na nawe andika. Usitegemee kukumbuka."
Akainuka, akaenda zake garini
kama mtu aliyekuwa akifunga kiatu tu.

Nikaandika, basi, daftarini:
saa, namba ya gari, nani alisema nini,
sambusa nne. Mpira wa maji umepasuka.

Kutetemeka kulikuja baadaye, jikoni,
mikono ikiwa ndani ya maji ya vyombo.
Je, wakirudi na saini? Je, na mkanda?
Baba yake yuko Duqm hadi Alhamisi,
na simu ya Duqm hukatika kila unapofika kwenye jambo.

Mundhir akanifuata na karatasi yake.
Thumuni tano.
Mkate wenyewe alikuwa ameshaula, wote.

Jibu lilikuwa sahihi.
Nikajifuta mikono,
nikalitia tarehe, nikalitia saini.